Sahani ya Ijumaa

Somo: Danieli 1:8-16

Tumezoea kumwona Danieli katika tundu la simba, mzee wa sala, tukasahau kwamba anaingia katika Maandiko akiwa mwanafunzi. Yeye na wenzake watatu walitolewa Yerusalemu, wakapelekwa Babeli kusoma miaka 3 kwa gharama ya Mfalme Nebukadneza. Walifundishwa lugha na elimu ya Wakaldayo, wakapangiwa posho ya kila siku kutoka meza ya mfalme, chakula na divai. Hata majina walibadilishiwa. Yeye akaitwa Belteshaza.

Mengi aliyakubali. Jina jipya alilipokea, lugha ngeni alijifunza, na siku ya kuulizwa maswali mbele ya mfalme hakuna aliyewafikia yeye na wenzake. Alichokataa ni sahani. Wafafanuzi hutaja vyakula vilivyokatazwa na Musa, na nyama iliyotangulia kutolewa kwa miungu. Ni sababu nzito. Lakini divai Musa hakuwakataza Waisraeli wote, na Danieli aliikataa pia. Naamini aliona kwamba anayekulisha kila siku mwishowe humiliki moyo wako, akataka abaki na mahali pamoja, hata padogo, ambapo mkono wa mfalme haufiki.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dar es Salaam, na Ijumaa sili nyama. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 1251, inaitaja kila Ijumaa ya mwaka, isipokuwa inayoangukiwa na sherehe, na inamhusu mwamini tangu atimize miaka 14. Papa Paulo VI, katika hati ya mwaka 1966, aliwaachia maaskofu nafasi ya kuweka matendo mengine ya toba na huruma badala yake. Wengi wetu tukabaki na Ijumaa za Kwaresima tu. Lakini kila Ijumaa ni siku ambayo Bwana aliutoa mwili wake msalabani, na sababu hiyo haiishi Pasaka ikipita.

Kwa mwanafunzi, Ijumaa ndiyo siku ngumu hasa. Vipindi vimekwisha, na kama boom la mkopo limeingia, jioni ni ya mishikaki na kitimoto. Moshi wa majiko unatufuata hadi hosteli. Kuagiza wali maharage mbele ya rafiki zako jioni ile kunauma. Nashukuru kwamba kunauma, maana kwa dakika chache nakumbuka mimi ni wa nani.

Lakini chumbani tunaishi na mwenzetu ambaye mkopo hakupata. Kwake maharage ni Jumatatu hadi Jumapili. Nikimwambia nimeacha nyama kwa ajili ya Bwana, nitakuwa nimemwambia nini? Yeye hana cha kuacha. Swali hilo limenisumbua kuliko moshi wa mishikaki, na sidhani kama Danieli 1 peke yake inalijibu. Isaya 58 inalijibu, tena kwa ukali: mfungo anaoutaka Mungu unamfikia mwenye njaa kama mkate. Katika karne ya 5, Papa Leo Mkuu aliwahimiza waamini wa Roma kwamba kile wanachojinyima wao kiwe chakula cha maskini. Basi hela ya mishikaki si yangu tena jioni hiyo. Inalipia sahani mbili kwa mama ntilie, tunakaa benchi moja, wala hatuzungumzi habari za kufunga.

Na samaki? Sheria inamruhusu. Ila sato mzima wa kukaanga mara nyingi humgharimu mtu kuliko nyama aliyoiacha, na hapo sioni kilichoachwa. Dagaa wanatosha.

Tazama pia jinsi Danieli alivyokataa. Hakupindua meza. Alimwomba mkuu wa matowashi, na mtu yule akaogopa kwamba vijana wakikonda, kichwa chake ndicho kitakachokatwa. Danieli hakuidharau hofu ile. Alimwendea msimamizi, akapendekeza wajaribiwe kwa siku 10 tu. Sisi hufunga tukiwa na nyuso kali, tukiwapimia wenzetu uchaji wao kwa macho. Paulo, katika Warumi 14, anazikemea pande zote mbili: anayemdharau asiyekula, na asiyekula anayemhukumu mwenzake.

Siku 10 zilipotimia nyuso zao zilinawiri, na wahubiri wengi hapo hugeukia kusifu mboga za majani. Mboga ni njema. Lakini fungua sura ya 10. Miaka mingi imepita, Babeli imekwisha kuanguka, Koreshi wa Uajemi yuko katika mwaka wake wa 3, na Danieli, sasa mzee, anaacha nyama na divai kwa majuma 3. Ina maana siku nyingine alivitumia. Safari hii hakuna mfalme anayemshurutisha, wala msimamizi wa kumkagua uso, na hakuna anayemwahidi afya. Anaomboleza tu na kujinyenyekeza mbele za Mungu wake. Malaika anapomjia kando ya mto Hidekeli, anamwambia asiogope, kwa sababu maneno yake yalisikiwa tangu siku ile ya kwanza alipoazimia moyoni.