Jiwe la Quitunda na Amana ya Kusema "Sijui"



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, likizo iliyopita nilikwenda kumtembelea bibi yangu Quitunda, wilaya ya Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado. Kwa asiyepajua, hicho ni kijiji kipya kilichojengwa kwa ajili ya familia zilizohamishwa kutoka Quitupo na maeneo mengine ya Afungi kupisha mradi wa gesi. Bibi amekulia Quitupo, akiokota chaza na kombe maji yanapokupwa. Sasa bahari iko mbali naye, lakini siku moja tulikwenda pamoja.

Huko pwani niliokota jiwe mchangani. Lilikuwa jeupe, zito, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja, na limevimba ncha zote mbili kama mfupa wa paja. Nikalibeba hadi nyumbani, nikalipiga picha, nikaituma kwenye kundi letu la wanafunzi: "Mfupa wa kale umepatikana Palma!" Hadi Maghrib mmoja alikwishasema ni dinosaria. Mwingine akasema ni masalia ya kaumu ya Aadi, watu wa Nabii Hud (A.S.), akaambatanisha ile picha maarufu ya mifupa ya jitu shimoni. Nami nikaanza kuandaa darsa.

Asubuhi bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, hebu tazama hapa lilipovunjika." Nikatazama. Mfupa ukivunjika huonesha ganda gumu nje na vitundu kama sifongo ndani. Hapa palikuwa na vishimo vidogo vyenye umbo la nyota, vimejipanga jirani kwa jirani. "Hili ni tumbawe," akasema. "Mawe haya tumeyakanyaga tangu utotoni."

Nikauliza, basi ni la zamani au la juzi? Miamba mingi ya pwani yetu ni matumbawe yaliyoota chini ya bahari zama za kale na sasa yako juu ya maji. Hayo ni visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, na nyumba kongwe za kisiwa cha Ibo zimejengwa kwa mawe hayo. Lakini tumbawe lililokufa karibuni nalo hutupwa ufukweni na mawimbi. Lau ningeliona likiwa bado ndani ya mwamba, mwamba wenyewe ungelitolea ushahidi. Mimi nimeliokota mchangani, nikaondoka nalo, wala sikuandika mahali. Jibu la haki likabaki moja: sijui.

Ndugu zangu, hapo nikakumbuka darasa la Mustalah. Kisukuku kisichojulikana kilikotoka ni kama hadithi isiyo na sanad. Matini inaweza kuvutia, lakini nani atakithibitisha?

Ng'ambo ya mto Ruvuma, huko Tendaguru mkoani Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, zaidi ya tani 200. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa mwenyeji, Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa huko alipewa jina lake: Australodocus bohetii. Mashimo yalipewa alama za herufi ili ijulikane mfupa upi umetoka wapi. Pamoja na uangalifu huo, yule mkubwa aliyesimamishwa Berlin, mwenye kimo cha mita 13 hivi, Janensch alimwita Brachiosaurus mwaka 1914, na karibu karne nzima baadaye wataalamu wakaona anastahiki jina jingine, Giraffatitan. Elimu haikuona aibu kujirekebisha.

Na ile picha ya jitu? Ilitengenezwa kwa kompyuta mwaka 2002 kwa ajili ya shindano la kuhariri picha. Picha ya asili ni ya uchimbaji wa mastodoni, mnyama wa jamii ya tembo, huko Hyde Park, New York. Nilipolieleza hilo kundini, kijana mmoja wa mwaka wa kwanza akaniandikia faragha: "Kaka, kama picha ni ya uongo, na kisa chenyewe je?" Wallahi sikulala vizuri usiku ule. Tulidhani tunaitetea Qur'ani, kumbe tumeipachika imani ya ndugu yetu kwenye tawi bovu. Nikamjibu kwamba kisa cha Aadi tumekipokea kwa wahyi, na wahyi haukuwahi kuihitaji picha ile.

Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Israa, aya ya 36, kufuata tusiyo na ujuzi nayo, akatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vitaulizwa. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Watu wa Quitunda wanaielewa aya hiyo kwa miili yao. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu walikimbilia kijijini hapo. Mahali kama hapo, uvumi mmoja wa uongo unatosha kumfanya mama atoroke usiku na watoto mgongoni.

Imesimuliwa kwamba Imam Malik (rahimahullah) aliulizwa maswali 48, na 32 kati yake akasema hajui. Sisi tunaona haya kusema hivyo hata mara moja!

Simkatazi mtu kutafuta. Suratul Ankabut, aya ya 20, inatutuma tutembee katika ardhi tutazame uumbaji ulivyoanza. Basi ukiona kitu, kiache mahali pake, kipige picha pamoja na mwamba wake, andika mahali na siku, kisha muulize mjuzi, akiwemo bibi yako. Na ukiwa umekwishasambaza kosa, rudi pale pale ulipolisambaza ulisahihishe. Mimi nimerudi kundini, na leo narudi hapa.

Ewe Mola wetu, tuoneshe haki kuwa ni haki uturuzuku kuifuata, na utulinde na kusema tusiyoyajua. Amin.

Wabillahi tawfiq.