Je, Kupenda Ni Kutoa Tu?

Mwezi huu twataka kuwaza pamoja nanyi neno moja lililotusumbua mioyoni, nalo lilianza katika jambo dogo, yaani mmea ndani ya debe.

Hapa Misungwi watu wengi hupanda maua barazani katika makopo, madebe na sufuria zilizotoboka. Na wakaao mjini Mwanza katika nyumba za ghorofa huyapanga kwenye roshani. Sisi nasi tulipata miche mitatu ya lavenda, ule mmea wenye majani membamba ya kijivu na maua ya zambarau, ambao harufu yake hutiwa katika sabuni na marashi. Tuliipanda katika udongo mweusi wa mbugani, tukauchanganya na samadi nyingi, kwa kuwa tulitaka kuipa kilicho bora. Kilikuwa kiangazi, na jua lilikuwa kali. Tukaihurumia, tukaimwagilia asubuhi na jioni.

Baada ya majuma machache majani yakalegea. Tukasema, "Ina kiu," tukazidisha maji. Yakalegea zaidi, tukazidisha tena, hata miche yote mitatu ikafa. Tulipoing'oa tuliona mizizi imeoza. Na maji yale yalitekwa na watoto, ndoo ya lita 20 kichwani, uzito wa kilo 20; wala hakuna aliyefaidiwa nayo, si mtoto wala mmea.

Kosa letu ni kwamba hatukuijua asili yake. Lavenda yatoka katika nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, kwenye vilima vikavu vyenye mawe. Yataka jua tele na udongo mwepesi upitishao maji, mfano wa luseni, ule mchanga wa miteremko yetu. Na debe sharti litobolewe chini. Humwagiliwa udongo ukiisha kukauka, si kabla. Mpunga hukaa katika maji ya majaruba ukastawi. Lavenda ikikaa hivyo, mizizi yake hukosa hewa na kuoza. Na mizizi iliyooza haiwezi kunyonya maji, hata majani hulegea sawasawa na ya mmea wenye kiu. Hapo ndipo tulipopotea. Dalili ni moja, sababu ni mbili, nasi hatukutia hata kidole udongoni tujue ni ipi.

Tusingeyaandika haya kama yangekoma barazani. Lakini katika usharika wetu yuko mama mjane, mtu mzima sana. Mumewe alipofariki, sisi wa kamati ya diakonia tulimpelekea unga kila mwezi. Tukamwona akonda na kunyamaza. Tukasema, "Unga haumtoshi," tukaongeza. Akazidi kukonda. Siku moja mzee wa kanisa mmoja aliketi kwake, akamwuliza, "Mama, wewe mwenyewe wataka nini?" Akajibu, "Mwanangu, unga ninao, hata kuku nawapa. Lakini ninyi huja mkautua mlangoni, mkaenda zenu. Tangu baba yenu afariki nala peke yangu, na chakula hakinipiti kooni."

Je, tulimpenda? Tulitoa, hilo ni kweli. Lakini kila mwezi sisi ndio tuliorudi nyumbani mioyo imeshiba, naye akabaki na njaa yake. Kutoa bila kumjua unayempa huweza kuwa njia ya kujipenda nafsi. Bwana Yesu alipokutana na Bartimayo, kipofu wa Yeriko, watu wote waliona kwamba shida yake ni macho. Hata hivyo Bwana alimwuliza kwanza ataka afanyiwe nini. Yeye ajuaye yote aliuliza. Sisi tusiojua twawezaje kuacha kuuliza?

Labda mtu atasema, "Basi na tupunguze kutoa, maana kutoa kwingi kwadhuru." Sivyo, ndugu. Mpunga ukikosa maji hufa, na mwenye njaa ya kweli hana haja ya maswali mengi, bali chakula. Yakobo katika waraka wake alikwisha kuwakemea wale wamwagao mwenye njaa kwa maneno mema matupu. Kuuliza kusiwe kichaka cha mchoyo kujifichia. Tena kuuliza si kazi nyepesi kuliko kutoa. Unga hugharimu fedha. Kuketi na mtu hugharimu siku yetu, na pengine jibu lake litatudai kitu ambacho hatukukusudia kukitoa. Twadhani ndiyo sababu ya sisi kupenda kuutua mfuko mlangoni.

Basi, msomaji mpenzi, kabla hujautua mzigo wako kwa jirani, keti kidogo, umwulize, kisha umngoje ajibu.

Barazani sasa uko mche mpya, katika luseni, ndani ya debe lenye matundu. Kila asubuhi twatia kidole udongoni, na siku nyingi twauacha bila kuumwagilia. Na kila Jumapili, ibada ikiisha, wawili wetu huenda kwa yule mama. Hupika yeye, kwa unga ule ule, nasi hula pamoja naye.