Maji ya Utotoni na Mifupa ya Uzeeni

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Amma baad:

Watu wengi huomba umri mrefu, na si vibaya kuuomba, kwani Mtume S.A.W. amefundisha kuwa mbora wa watu ni yule aliyeishi sana na amali yake ikawa njema. Lakini amali hutendwa kwa viungo. Mzee asiyeweza kusujudu dini imemruhusu kusali hali amekaa, wala thawabu zake hazipungui. Walakini ikiwa udhaifu wake ulitokana na jambo lililoweza kuzuiwa alipokuwa mtoto, suali si lake, bali ni la waliomlea na waliokuwa majirani zake.

Mji wa Babati umekaa kando ya ziwa lake, karibu na mlima Kwaraa, katika nchi ya Bonde la Ufa. Maji ya upande huu, tangu Kilimanjaro na Arusha mpaka Manyara na Singida, mahali pengi huwa na madini ya floraidi, yatokayo katika mawe ya milima ya moto. Kidogo chake hufaa meno, kikizidi hudhuru. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja. Mtoto anywaye yaliyozidi, meno yake hutoka na madoa ya kahawia. Na anywaye yaliyozidi sana kwa miaka mingi, viungo vyake hukakamaa, mgongo hukataa kunyooka, na pengine miguu hupinda. Mifupa ikisha kuharibika hivyo, hakuna dawa ya kuirudisha ilivyokuwa.

Na khatari yake ni kuwa maji hayo hayana rangi wala harufu ya kuyajulisha. Kuyachemsha huua vijidudu, nako kusiachwe. Lakini hakuondoi floraidi, kwani maji hupungua na madini hubaki. Tena si kila kisima ni kibaya: kimoja huwa salama na cha jirani kisiwe. Basi hakuna njia ila kupima.

Mas'ala: Je, yafaa kutawadha kwa maji hayo? Jawabu: Yafaa, kwani ni tahir na yatahirisha. Basi ya kisima yatumike kwa udhu, kuoga na kufua; na ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi, yawekwe kwa kunywa na kupika. Wala asistaajabu mtu kuona fiqhi ikiangalia siha katika maji. Wanazuoni wa Kishafi walikwisha kukirihisha maji yaliyopashwa na jua katika vyombo vya madini, kwa kukhofia maradhi ya mwili. Kadhalika magadi ya kupikia, mengine yana floraidi nyingi; ayaache mwenye watoto.

Mas'ala: Kituo cha Ngurdoto, mkoa wa Arusha, kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya wanyama. Je, maji hayo ni halali? Jawabu: Mifupa ikiwa ya mnyama aliyechinjwa kisharia, ni tahir, na maji ni halali pasi na shaka. Ikiwa ya mzoga, katika madhehebu ya Imamu Shafi ni najisi, wala moto hauitahirishi. Na maji yasiyofika kula mbili hunajisika kwa kuigusa. Imamu Abu Hanifa ameiona mifupa ya mzoga kuwa tahir. Lakini Waislamu wana machinjio, na mifupa ya halali hutupwa kila siku. Kuikusanya ni kuepukana na ikhtilafu na kuokoa watoto kwa jambo moja.

Na ajue kila Muislamu kuwa kupima kisima cha mtaa ni katika fardhi za kutosheleza: wakiifanya baadhi, wengine wameokoka, wakiiacha wote, wote wana dhambi. Sayyidna Uthman bin Affan alikinunua kisima cha Ruma, Madina, akakifanya wakfu watu wanywe. Msikiti wenye bati la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 10 huuletea karibu lita 1,000. Basi mwenye uwezo na aweke tangi, na ataje kuwa ni wakfu wa kunywa na kupika. Kwani sharti la mwenye wakfu hufuatwa, na lililowekwa kwa udhu peke yake halinyweki.

Mtume S.A.W. amehimiza ujana utumiwe kabla ya uzee, na siha kabla ya ugonjwa. Mtu mzima huweza kulitimiza hilo mwenyewe. Mtoto wa chuoni hachagui kisima, huchaguliwa. Basi siha yake ni amana mikononi mwa wakubwa, na amana huulizwa.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu umri wenye twaa na viungo vyenye nguvu ya kumsujudia. Wallahu aalam.