Mwanagenzi na Mvua

Ushujaa ni nini? Watu wengi hudhani kuwa shujaa ni mtu asiyejua hofu, na kuwa hadhari ni jina la heshima la woga. Dhana hii, msomaji mpendwa, yafaa kupimwa. Na kipimo kimoja kizuri ni mwanagenzi aendeshaye kigari cha mashindano juu ya lami iliyolowa.

Kigari hicho, kiitwacho karti, ni kidogo, lakini si mchezo wa watoto. Kile chenye gia huwa na injini ya sentimita za ujazo 125 na gia sita. Hakina springi, na magurudumu yake mawili ya nyuma yamefungwa katika ekseli moja, yakizunguka pamoja daima. Siku ya jua hukubali kushurutishwa. Siku ya mvua hukataa. Mwanagenzi akikanyaga breki kwa pupa, magurudumu hukwama. Akishusha gia kwa ghafula, sehemu ya nyuma humponyoka. Akizidi kukata usukani, kigari huenda mbele moja kwa moja kana kwamba hakikuambiwa neno. Hata njia iliyo bora wakati wa ukavu humsaliti, kwa kuwa mpira ulioachwa na matairi juu ya lami huteleza mno ukipata maji. Hana budi kuiacha njia ya wengi na kuzunguka kwa nje, akitafuta lami isiyosuguliwa.

Je, atendaye hivyo ni mwoga? Mtazame Ayrton Senna wa Brazil, aliyezaliwa mwaka 1960. Katika ujana wake alishindwa vibaya katika shindano la karti lililoendeshwa mvuani. Hakuilaani mvua. Tangu hapo, kila iliponyesha, alitoka na karti yake kufanya mazoezi. Mwaka 1984, huko Monaco, alianza wa 13 katika mvua kubwa akamaliza wa pili. Mwaka 1985, huko Estoril, Ureno, alipata ushindi wake wa kwanza katika mashindano makuu ya magari, na siku hiyo pia mvua ilinyesha.

Lakini tusijidanganye. Senna alifariki mashindanoni mwaka 1994, na siku hiyo njia ilikuwa kavu. Ustadi haumpi mtu ahadi ya maisha. Humpa haki ya kusema kuwa hakuidharau hatari.

Basi pambanua mambo haya matatu. Woga humwambia mwanagenzi asiende. Ujinga humwambia aende kama kwamba kuna jua. Ushujaa humwambia aende kwa kadiri ya mvua. Wahenga waliponena kuwa mwenda pole hajikwai, hawakuusifu uvivu; walimsifu ajuaye ardhi aikanyagayo. Nawe, utakapofika mahali ambapo nguvu zako hazitiiwi, usione haya kujifunza upya. Mvua haimchukii mtu wala haimpendelei. Humfunza yule tu akubaliye kufunzwa.