Akiba Iliyoachwa na Mwundaji

Wako vijana wetu wa Ngara na Biharamulo wanaonunua kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika kwingine, kisha wakataka kuziongezea mwendo kupita kiasi kilichoandikwa na kiwanda. Je, ni halali kukitaka chombo kitoe zaidi ya alichoahidi mwundaji wake? Wazee wengine watasema upesi kwamba huo ni ukaidi. Sisi twaona neno hili lataka kufikiriwa.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Prosesa, yaani kile kipande kipigacho hesabu zote za kompyuta, hufuata mapigo, kama wanafunzi wanavyopiga kwata kwa ngoma ya shule. Mwenye mashine huingia katika menyu ya kuwashia akaongeza mapigo hayo, kama prosesa yake si katika zile zilizofungwa na kiwanda. Mwaka 1998 kampuni ya Intel ya Marekani iliuza prosesa iitwayo Celeron 300A, ya mapigo milioni 300 kwa sekunde. Watu wengi waliipeleka hadi milioni 450, nayo ikafanya kazi. Haukuwa uchawi. Kiwanda huacha akiba kwa ajili ya joto, uzee na umeme usiotulia. Na mara nyingine huuza kipande chenye uwezo mkubwa kwa jina la kidogo, kwa kuwa wanunuzi wa bei nafuu ni wengi. Basi kiasi kilichoandikwa si amri ya maumbile. Ni ahadi ya kiwanda, na aipitaye aweza kupoteza dhamana yake.

Lakini akiba hailiwi bure. Mwendo ukiongezwa kwa asilimia 20, na volti kwa asilimia 10 ili prosesa istahimili, joto litokanalo na kazi hiyo huzidi kwa karibu asilimia 45, maana katika hesabu hiyo volti huzidishwa kwa yenyewe. Baridi ya usiku ya milima ya Ngara itamsaidia kijana; mchana wa kiangazi, na feni iliyojaa vumbi, hautamsaidia. Hata hivyo, mashine yake ikiungua, hasara ni yake na elimu ni yake. Hapo hatuoni dhambi. Sisi tuliofundisha walimu twajua kwamba asiyethubutu kufungua kitu hakijui.

Sasa tuseme mashine ni ya ofisi ya kanisa, na kijana mwenye moyo mwema anataka kuiharakisha. Hapo twasema asifanye, wala si kwa kuogopa kuungua tu. Kabla daraja jipya la Rusumo halijafunguliwa, malori yalivuka lile la zamani moja moja, na kila dereva aliona kwa macho wembamba wake. Prosesa iliyozidiwa haionyeshi hivyo. Mara nyingine hukwama, na hiyo ndiyo heri. Mara nyingine hukosea tarakimu moja ikaendelea kimya, na karatasi ikatoka safi. Sadaka, alama za mwanafunzi, kipimo cha dawa, vyote huandikwa kwa mashine kama hizo. Kumbukumbu la Torati, mlango wa 25, yakataza mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja. Huyu hakukusudia kudanganya, lakini jiwe limo mfukoni, naye halioni.

Atajibu kwamba aliijaribu usiku kucha na haikukosea. Ni vema, lakini ameujua usiku ule tu. Na hata mtunza hazina akikubali, mama aliyetia shilingi 500 kapuni hakuulizwa.

Isitoshe, mara nyingi ucheleweshaji wa mashine ya ofisi hautoki kwa prosesa. Ni diski ya zamani inayozunguka, au kumbukumbu haba. Kijana yuyo huyo aweza kutia diski isiyozunguka, kuongeza kumbukumbu na kupangusa vumbi, nayo ikawaka upesi kabla katibu hajamaliza kufungua madirisha.