Embe la Kubebesha: Je, Tumeharibu Kazi ya Mungu?



Vijana wapendwa, huku kwetu Kusini msimu wa maembe unaangukia Majilio. Kitangari wakati huo watu bado wanahangaika na korosho, na pembeni ya barabara mabeseni ya maembe yamepangwa. Kuna embe dogo la kienyeji, tamu lakini nyuzi zake zinakaa kwenye meno mpaka jioni. Na siku hizi kuna embe la kubebesha, Kent au Tommy Atkins, kubwa, nyama nene, kokwa jembamba. Ukilionja mara ya kwanza unajiuliza siku zote ulikuwa unakula nini!

Ila kuna mzee atakwambia: "Hilo si embe la Mungu, ni la watu." Tusimcheke. Swali lake ni zito: mtu akiigusa asili ili aiboreshe, anamsaidia Muumba au anamsahihisha?

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Chotara ni mti uliotokana na wazazi wa aina mbili, chavua ya huyu na ua la yule. Kubebesha ni kazi nyingine. Unaotesha kokwa la kienyeji, mche ukikomaa unaukata, unaupasua kidogo, unachomeka kikonyo cha mwembe bora chenye unene uleule, unafunga kwa nailoni. Ganda bichi la ndani likikutana na lenzake, utomvu unapita. Mizizi ni ya kienyeji, matunda ni ya kikonyo. Mara nyingi kikonyo chenyewe kimetoka kwenye chotara, kwa hiyo embe moja linabeba historia zote mbili.

Sasa, kuna wanaotaja Mambo ya Walawi 19:19, panapokatazwa kupanda mbegu za aina mbili katika shamba moja. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliihesabu amri hiyo kati ya zile za ibada ya Agano la Kale, zilizowaepusha Waisraeli na desturi za waabudu sanamu. Haitubani kama Amri Kumi. Na mtu aliyetufundisha jinsi sifa za wazazi wawili zinavyorithiwa alikuwa mtawa wa Kiagustino, Gregor Mendel. Kati ya 1856 na 1863 alichanganya njegere kwenye bustani ya monasteri yake kule Brno, na mwaka 1868 wenzake wakamchagua kuwa abati.

Tena hicho tunachokiita "cha kienyeji" kilifika hapa kwa safari. Mwembe asili yake ni Asia. Mkorosho tunaoujengea nyumba na kulipia ada ulitoka Brazili, ukaletwa na Wareno. Kama kuguswa na mkono wa mtu kunamwondoa Mungu kwenye mti, basi Newala na Masasi tumebaki na miti michache mno ya Mungu!

Mwanzo 2:15 inasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Anayebebesha hatengenezi uhai. Anakata, anafunga, halafu anasubiri. Utomvu hauupitishi yeye. Lakini hiyo haina maana kwamba kila tunachoweza kufanya ni chema. Papa Fransisko, katika Laudato si' ya 2015, anatutaka tupime kila kazi ya namna hii: inamnufaisha nani, inaacha nini nyuma. Tukikata miembe yote ya zamani tukabaki na aina moja, ugonjwa mmoja utatumaliza. Na kama miche bora inamfikia mwenye fedha tu, mjane akabaki anaangalia, kosa si la embe. Ni letu.

Je, kulifurahia? Wapo vijana wanaodhani utakatifu ni kula bila kuhisi ladha. Thoma huyohuyo anasema kuikataa raha iliyo halali, bila sababu njema, nayo ni kasoro. Kiasi maana yake si kuchukia utamu. Ni kuupokea kama zawadi, na zawadi ina mtoaji.

Wakati mwingine ina wengi. Mwaka 1902 Kapteni John J. Haden alipanda kokwa za embe aina ya Mulgoba huko Florida, Marekani. Mwaka 1903 akafariki. Mti mmojawapo, chotara, ukazaa mwaka 1910, mjane wake akayaona matunda. Kent na Tommy Atkins ni wa ukoo wa mwembe huo. Utamu unaoufurahia leo ulipandwa na mtu ambaye hakuuonja.

Na hapa ndipo linapotugusa. Kwenye jumuiya zetu wapo vijana waliobatizwa wakubwa, au wenye baba Mwislamu na mama Mkatoliki, au wazazi wa makabila mawili. Wanaitwa kwa utani "wa kupandikizwa", na utani ukirudiwa sana unauma. Soma Warumi 11:17-24. Paulo anawaambia Wakristo waliotoka mataifa kwamba wao ni matawi ya mzeituni mwitu, yamepandikizwa kwenye mzeituni mwema. Mkulima hufanya kinyume: huchukua kikonyo bora akakiweka kwenye shina la porini. Paulo analijua hilo, ndiyo maana anasema jambo hili ni kinyume cha asili. Shambani tawi huzaa matunda yake lenyewe, hata shina liwe la nani. Katika neema tawi la porini linaanza kuzaa kama shina lililolibeba.

Basi sisi tuliobatizwa wachanga tusijione mizizi. Sote kutoka Kitangari hadi Roma ni vikonyo. Hakuna tawi lenye haki ya kulicheka tawi jirani, maana hakuna lililojifunga lenyewe.

Wiki hii fanya mambo mawili. Otesha kokwa moja, hata kama hujui nani atakula. Halafu mtafute mwenzako anayejiona mgeni kanisani, mkale embe pamoja.

Ee Bwana, uliyetupachika kwenye shina ambalo hatukulipanda, utufanye tuzae matunda, na tusisahau mizizi. Amina.