Kupa Si Kutupa

Usiku mmoja mpwa wangu aishiye Uingereza alinipigia simu, na baada ya salamu akanyamaza kimya kirefu, kimya cha mtu aliyefikwa na msiba. Nilipomhimiza aseme, aliniuliza swali ambalo hadi leo halijanitoka moyoni: "Mjomba, kitu ulichokitoa bure, mtu aweza kukuibia?"

Kisa chake ni hiki. Zipo programu za kompyuta zinazoigiza mbio za magari. Mtu hukaa mbele ya kioo, akashika usukani uliofungwa mezani, akaendesha kana kwamba yumo uwanjani. Baadhi ya programu hizo, kama vile rFactor iliyotolewa na kampuni ya Kimarekani mwaka 2005, na Assetto Corsa ya Waitaliano iliyokamilishwa mwaka 2014, ziliwaachia wapenzi wake mlango wazi: yeyote mwenye subira aweza kuongeza gari au barabara aliyoiunda mwenyewe. Nyongeza hizo wenyewe huziita modi. Mpwa wangu aliunda barabara moja ya mlimani, kazi ya miezi kumi na moja. Alipima miinuko kwa ramani, akapiga picha za kuta na vibao, akafinyanga kila kona kwa maelfu ya pembetatu, akahakikisha kwamba usukani unatetemeka pale pale lami ilipochubuka. Alipomaliza akaitoa bure. Wiki chache baadaye aliikuta inauzwa kwa jina la mtu mwingine, na jina lake limefutwa hata kwenye kibao kidogo alichokuwa amekisimamisha kando ya njia.

Ndugu msomaji, usiseme haya ni mambo ya watoto. Swali la kijana huyu ni swali letu sisi tunaotunga, na ni kongwe kuliko kompyuta.

Mtwaaji ana hoja yake, na si haki kuipuuza. Atasema: aliyeibiwa ng'ombe hulala bila ng'ombe, lakini huyu barabara yake bado anayo, tena hakuwa akiiuza, basi amepungukiwa na nini? Jibu langu ni kwamba kupa si kutupa. Anayetupa kitu hakiwekei neno. Anayetoa hutoa pamoja na sharti, hata kama hakulitamka, na sharti dogo kuliko yote ni kwamba isisemwe mtoaji ni mwingine. Aliyelivunja hakuchukua faili, faili alipewa. Alichokichukua ni ukweli juu ya nani aliyekesha. Hata sheria iliwahi kulitambua hilo: Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 ulipofanyiwa marekebisho mjini Roma mwaka 1928, uliongezewa kifungu kinachompa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa kazi yake hata baada ya kuuza haki zake za fedha. Mali huuzika, nasaba ya kazi haiuziki.

Hapo ningeweza kumliwaza mpwa wangu na kwenda kulala. Lakini nilimuuliza: "Na miti iliyo kando ya barabara yako, umeichonga wewe?" Akasita. Miti aliitoa katika kazi ya mtu mwingine, na jukwaa la watazamaji vilevile. Hakumwomba mwenyewe, wala hakumtaja. Na magari yapitayo juu ya barabara zile hubeba nembo za makampuni ambayo aghalabu hayakuulizwa lolote. Wapo hata wanaochopoa magari mazima kutoka michezo mingine ya kibiashara, wakayapachika katika mchezo huu, kisha wakalia wakiibiwa.

Je, basi wote ni wezi, na hakuna haja ya kulaumiana? La. Mimi ni mfasiri, na mfasiri hujenga juu ya msingi wa mwenziwe. Mkataba ule ule wa Berne huilinda tafsiri kama kazi yenye haki zake, bila ya kuipunguzia haki kazi ya asili. Kujenga juu ya cha mwenzio si aibu. Aibu ni kuuficha msingi. Wazee wetu wa elimu walikuwa na kipimo chake, nacho ni isnadi: nimepokea kwa fulani, naye kwa fulani. Hakuna aliyeona haya kusema amepokea. Bali mnyororo mrefu ulikuwa ndio heshima yake. Kwa kipimo hicho mpwa wangu amedhulumiwa kweli, na kweli amedhulumu, ingawa kwa uzani mdogo, kwani hakuuza na hakumfuta mtu jina kwa mkono wake.

Sasa nini kifanyike? Wengi wamekimbilia kufuli. Husimba faili zao kwa siri ili zisifunguliwe wala kubadilishwa, na simlaumu mtu aliyechoka kuibiwa. Lakini kufuli humzuia mwanafunzi kabla ya kumzuia mwizi. Kijana anayetaka kujua kona ile ilifinyangwaje hataiona ndani. Na siku mwenye ufunguo akifa au akisusa, nyongeza ile haitarekebishwa tena, na mchezo ukibadilika itakufa nayo. Grand Prix Legends, iliyotolewa mwaka 1998 kuigiza mbio za mwaka 1967, iliendelea kuchezwa miaka mingi kwa sababu wapenzi wake waliifungua na kuiongezea magari na viwanja. Na sisi je? Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na wengine wakayanakili, hata yakachapwa kitabu mwaka 1940, miaka mia moja baada ya mtunzi kufariki. Lau kila aliyekuwa na ubeti wake angeliufungia sandukuni, leo tusingelikuwa na ubeti wala Muyaka.

Mtanambia kwamba isnadi humfunga mwenye haya, na mwizi hana haya. Ni kweli. Ndiyo maana mzigo mkubwa naona uko kwa mpokeaji. Mwizi wa barabara ile asingepata senti lau wanunuzi wangeliuliza neno moja tu: imetengenezwa na nani, na ushahidi uko wapi? Anayejua kwamba kitu kimeporwa akakipokea kwa sababu ni rahisi, huyo naye ameshika ncha ya kamba. Jamii inayokataa kupokea kisicho na nasaba ina kufuli lisilomfungia mwanafunzi nje.

Mpwa wangu hakuifunga barabara yake. Aliitoa upya, na ndani yake akaweka orodha ya majina, la mwenye miti likiwa la kwanza, akamwandikia kumwomba radhi. Jibu lilimjia kwa maneno machache: miti ile naye alipewa na mtu, na jina la mtu huyo nalo likaingia katika orodha.

Nami siwezi kumfundisha kijana lile ambalo sijalifanya. Nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu nilisoma shairi mbele ya hadhara, nikashangiliwa, na mzee mmoja akanikumbatia akitokwa na machozi. Sikusema kuwa ni langu. Nilinyamaza tu, nikaacha wadhani. Mzee yule amekwisha fariki na siwezi kumrudishia kumbatio lake. Shairi lile lilikuwa tafsiri yangu, nayo nilijifunza kuifanya peke yangu kwa taa ya chemli, lakini mtunzi wake ni Ahmed Shawqi wa Misri, aliyefariki mwaka 1932. Imenichukua zaidi ya miaka thelathini kuliandika jina hilo mahali pake.